Laini kubwa ya umeme kwenye soko la ushindani: apange nani, alipe nani?

Mwaka 2017, kule Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, mitambo ya upepo 365 ilikuwa imekwisha kusimama. Megawati 310 zilikuwa tayari, na upepo wa kule haukosi. Kilichokosekana ni waya. Laini ya kilovolti 400 ya kwenda kituo cha kupokea umeme cha Suswa, kilomita 428, ilikuwa mikononi mwa mkandarasi wa Kihispania, Isolux, aliyeishiwa fedha kazi ikiwa nusu. Mkataba ukavunjwa, kampuni za Kichina zikaitwa kumalizia, na umeme wa kwanza ukafika Suswa Septemba 2018. Mkataba wa ununuzi ulitaka mzalishaji alipwe kwa umeme ambao angeweza kuutoa, hata kama hakuna taa hata moja iliyowaka kwa umeme huo. Bili ya kusubiri ilikuwa ya mabilioni ya shilingi za Kenya.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mjadala wa soko huria la umeme huku kwetu karibu wote ni wa mitambo: nani aruhusiwe kuzalisha, auze kwa bei gani, nani avunjiwe ukiritimba. Laini inachukuliwa kuwa itakuja tu. Haiji yenyewe. Nchi zilizotangulia kufungua masoko yao zimejaribu njia nne tofauti za kuamua laini ipi ijengwe na nani ailipe, na kila moja imefanikiwa mahali fulani na kuumiza watu mahali pengine. Kama uko wizarani, kwenye kamati ya nishati ya bunge au kaunti, kwa mdhibiti, kwenye kiwanda kinachotaka kununua umeme moja kwa moja, au wewe ni mwanahabari unayejaribu kuelewa kwa nini bei imepanda, hapa nazilinganisha zote nne kwa vipimo vilevile.

Ushindani unaleta mtihani gani

Shirika moja likizalisha, likisafirisha na kusambaza, kama TANESCO, anayepanga bwawa na anayepanga laini wako korido moja. Uganda ilipoigawa UEB, shirika lake la umeme, kuwa kampuni tatu mwaka 2001, na Kenya ilipoitenga KenGen, kampuni ya kuzalisha, mwaka 1997 kisha ikaunda KETRACO, kampuni ya laini kubwa, mwaka 2008, korido hiyo ilikatika. Mzalishaji binafsi ana benki yake, ratiba yake na siri zake. Shamba la jua linaweza kusimama ndani ya mwaka mmoja au miwili. Laini ya kilomita mia nne, ukiweka fidia za mkuza (ukanda wa ardhi ambamo laini inapita), kesi za ardhi na kuagiza transfoma, mara nyingi hupita miaka mitano. Benki haimkopeshi mwenye mtambo asiye na laini, na mdhibiti haidhinishi laini isiyo na mtambo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake atangulie.

Jambo la pili ni la fizikia, nalo ndilo linalowasumbua wanauchumi. Umeme haufuati mkataba. Ukiuza kutoka Olkaria kwenda Mombasa, umeme wako hautembei kwenye waya mmoja kama lori kwenye barabara kuu. Unagawanyika kwenye kila waya uliounganishwa, kwa kadiri ya upinzani wa kila waya. Kwa hiyo laini mpya kati ya miji miwili inaweza kumnufaisha mtu wa mji wa tatu ambaye hakuchangia hata senti, na inaweza kumbana wa nne. Ndiyo maana kumtambua anayenufaika, ili alipe yeye, ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Vipimo

Nitatumia maswali matano kwa kila njia. Nani anaamua laini ijengwe, na anajuaje kwamba inahitajika? Nani analipa, na laini ikibaki tupu hasara ni ya nani? Inawahi au inachelewa? Inajengwa kwa ukubwa wa leo au wa kesho? Na ikishakamilika, wauzaji wote wanapata nafasi sawa, au mmoja anashika mlango?

La pili ndilo zito kuliko yote kwangu. Njia hizi zote zina wahandisi wazuri na mahesabu mazuri, na tofauti yake halisi inaonekana siku mahesabu yanapokosea.

Njia ya kwanza: mamlaka inatangulia, wote wanalipa (Texas)

Texas ilipitisha sheria ya kufungua soko mwaka 1999, na wateja wakaanza kuchagua muuzaji Januari 2002. Upepo mwingi uko magharibi, kwenye nyanda kavu zenye watu wachache. Walaji wako mashariki: Dallas, Houston, San Antonio. Laini zilizokuwepo zilijaa haraka. Mwaka 2009, takriban asilimia 17 ya umeme wa upepo ambao ungeweza kuzalishwa katika ERCOT, gridi kuu ya Texas, ulitupwa kwa amri ya kupunguza, kwa sababu haukuwa na pa kupita.

*Uamuzi.* Sheria ya 2005 iliitaka tume ya huduma za umma ya jimbo itenge kanda maalumu za nishati jadidifu na kupanga laini za kuzifikia, kabla mitambo yote haijajengwa. Tume haikukisia gizani. Ilitakiwa kuangalia nani ameweka fedha mezani: mitambo iliyopo, mikataba ya kuunganishwa, dhamana za benki. Mwaka 2008 ikachagua mpango wa kubeba jumla ya megawati 18,456 za upepo.

*Malipo na hasara.* Gharama yote iligawiwa kwa wateja wote wa gridi, kama stempu ya barua: bei ni ile ile hata barua iende mtaa wa pili au mwisho wa nchi. Makadirio ya 2008 yalikuwa karibu dola bilioni 4.9, mpaka mwisho zilifika karibu bilioni 6.9. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kitu kidogo cha kusikitisha: awali umbali ulipimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, na mkuza haunyooki, unazunguka mashamba ya watu. Nani alibeba tofauti hiyo? Mteja. Na kama upepo usingekuja, mteja huyohuyo angelipia minara mitupu.

*Muda na ukubwa.* Hapa ndipo Texas inapostahili sifa. Laini za kilovolti 345, zenye urefu wa karibu kilomita 5,800, zilikamilika kufikia mwanzo wa 2014. Upepo uliokuwa ukitupwa ulishuka hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2013. Na kwa kuwa zilijengwa kubwa, zilikuja kubeba vitu ambavyo hazikuvikusudia sana, mashamba ya jua yakiwa miongoni. Hazikutosha milele, kwani baadaye msongamano ulirudi magharibi, lakini ziliwapa miaka ya kupumua.

*Ushindani.* Mzuri. Laini ni ya wote, mzalishaji yeyote anaunganishwa kwa masharti yaleyale, na katika maeneo yaliyofunguliwa kwa ushindani wamiliki wa laini hawauzi umeme.

Njia hii inamfaa mwenye rasilimali inayoonekana kwa macho mahali pamoja, mbali na walaji, na mwenye chombo kimoja chenye mamlaka juu ya eneo lote. Msomaji wa huku kwetu azingatie sharti hilo la mwisho. Gridi ya ERCOT iko ndani ya jimbo moja, chini ya tume moja. Hakuna aliyelazimika kumshawishi jirani mwenye bunge lake.

Njia ya pili: wanaonufaika wapige kura na walipe wenyewe (Argentina)

Sheria namba 24.065 ya mwaka 1992 iligawa sekta ya umeme ya Argentina vipande, ikabinafsisha karibu kila kipande, kisha ikafanya jambo ambalo hakuna nchi nyingine iliyolifanya kwa ujasiri ule. Iliitoa serikali kabisa kwenye kazi ya kupanga laini kubwa mpya.

*Uamuzi.* Anayetaka laini anapeleka ombi. Mwendeshaji wa soko, CAMMESA, anapiga hesabu ya nani atanufaika na kwa kiasi gani. Wenye angalau asilimia 30 ya manufaa ndio wanaoweza kupendekeza. Wenye asilimia 30 wakipinga, laini imekufa. Mdhibiti, ENRE, anathibitisha tu kwamba gharama ya mfumo mzima itashuka. Kisha laini inatangazwa kwa zabuni, na mwenye bei ya chini anaijenga.

*Malipo na hasara.* Waliopigiwa hesabu ya manufaa ndio wanaolipa. Laini ikibaki tupu, mfukoni mwao. Kwa kipimo hiki kimoja hakuna njia safi zaidi: anayesema "tunaihitaji" anaweka fedha yake kwenye sentensi hiyo.

*Muda.* Mfano unaojulikana ni Laini ya Nne, ya kilovolti 500, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Comahue hadi Buenos Aires. Comahue ina mabwawa makubwa kama El Chocón na Piedra del Águila, tena ina gesi ardhini. Laini tatu zilizokuwepo zilijaa. Kila aliyekuwa nje alidhani ya nne ni jambo la wazi. Ilipopigiwa kura mwaka 1995 ikakataliwa na wazalishaji wenyewe. Magazeti yalishangaa, na wengi wakasema mfumo umefeli.

Mimi nauona uamuzi ule kwa jicho jingine. Gesi ya Comahue inaweza kufika Buenos Aires kwa bomba, ikachomwa kwenye mtambo mpya mlangoni mwa mlaji. Mwenye fedha anayejua hivyo atauliza kwa nini ajenge waya wa kilomita elfu moja kubeba kitu ambacho bomba linakibeba tayari. Ofisi ya mipango isiyolipa chochote isingeuliza swali hilo kwa uzito uleule. Pendekezo lilirudishwa likiwa limerekebishwa, likapita, na laini ikaanza kazi mwishoni mwa 1999. Ilichelewa, ndiyo, lakini waliochelewesha walikuwa na sababu.

*Ukubwa.* Hafifu. Mpiga kura anafikiria mtambo wake wa leo. Mzalishaji ambaye hajajenga bado hana kura, na hao ndio ambao laini ya kesho ni yao.

*Ushindani.* Una doa. Hesabu ya manufaa ilifuata mtiririko wa umeme, na kwa hesabu hiyo walaji wa Buenos Aires hawakutambuliwa kuwa wanufaika wa laini inayowaletea umeme. Hawakulipa, na hawakupiga kura. Laini za kuongeza uhakika tu, zile zinazojengwa ili nyingine ikikatika mikoa isizimike, zilikosa mtetezi kabisa, ndiyo sababu baadaye serikali ilirudi kwa mlango mwingine na mfuko wa laini za kitaifa unaochangiwa na walaji wote. Na Januari 2002, mgogoro wa uchumi ulipolazimisha ada zilizokuwa kwa dola zigeuzwe peso na kugandishwa, wawekezaji waliokuwa ndani walijua hakuna kura inayowalinda na hilo.

Njia hii inawafaa wanufaika wachache wanaojulikana kwa majina: migodi mitatu kwenye ukanda mmoja, au viwanda vya saruji vinavyotaka laini moja. Haiwafai watu milioni mbili waliotawanyika.

Njia ya tatu: mfanyabiashara ajenge, ale tofauti ya bei (Australia na wengine)

Huyu haombi ruhusa ya kumtoza mteja. Ananunua upande wa bei nafuu, anauza upande wa bei ghali, anaishi kwa tofauti.

*Uamuzi* ni wake. *Hasara* ni yake. Kwa walipa kodi inavutia sana, na ndiyo sababu Australia, soko lake la kitaifa lilipoanza Desemba 1998, iliiruhusu. Directlink ya megawati 180 ikajengwa mwaka 2000 kati ya New South Wales na Queensland. Murraylink ya megawati 220, nyaya za chini ya ardhi zaidi ya kilomita 170 kati ya Victoria na Australia Kusini, ikafuata mwaka 2002.

*Muda.* Haraka. Mwekezaji mwenye riba kichwani hapotezi mwaka.

*Ukubwa* ndio unaohitaji tukae kidogo, kwa sababu kasoro iko ndani ya biashara yenyewe. Chukua mfano wa kubuni. Upande wa bwawa yuniti ni shilingi 6, mjini ni 14. Tofauti ni 8. Ukijenga laini ya megawati 200, umeme nafuu unaoingia mjini unapunguza tofauti kidogo, tuseme ibaki 7. Kwa saa moja unapitisha yuniti 200,000, unapata shilingi milioni 1.4. Sasa jenga laini ya megawati 600. Mji unashiba, tofauti inashuka hadi shilingi 2. Unapitisha yuniti 600,000 na unapata shilingi milioni 1.2. Umetumia waya mara tatu, umepata pungufu. Mwenye laini akifanya biashara yake vizuri atajenga nyembamba, na atafurahi mji ukiendelea kulipa ghali. Laini bora kwa wananchi ni ile inayoua tofauti ya bei, na ikiua tofauti inamuua mwenye nayo.

Tazama yaliyotokea. Mwaka mmoja tu baada ya kuanza, Murraylink iliomba na kukubaliwa kuwa laini ya kudhibitiwa, inayolipwa ada na wateja. Directlink ikafuata mwaka 2006. Estlink, kebo ya megawati 350 kati ya Estonia na Finland iliyoanza mwaka 2006 kama mradi wa kibiashara, ilichukuliwa na waendeshaji wa gridi za nchi hizo mwishoni mwa 2013. Hasara iliyotajwa kuwa ya mfanyabiashara ilikuwa na njia ya kurudi kwa mteja.

Haki itendeke: zipo zilizosimama. BritNed, megawati 1,000 kati ya Uingereza na Uholanzi, inafanya kazi tangu 2011. Neptune, kebo ya megawati 660 ya mwaka 2007 kutoka New Jersey hadi Long Island, ilijengwa juu ya mkataba wa muda mrefu na shirika la umeme la Long Island. Na hapo kuna funzo: nyingi zilizodumu zilikuwa na mnunuzi aliyetia saini kabla ya nyaya kushuka baharini. Basslink pia, megawati 500 kati ya Tasmania na Victoria tangu 2006, ilitegemea mkataba na Hydro Tasmania. Kebo hiyo ilikatika Desemba 2015 na kurudi Juni 2016, kipindi ambacho mabwawa ya Tasmania yalikuwa yameshuka kwa ukame. Kisiwa kikalazimika kukodi jenereta za dizeli. Novemba 2021 kampuni iliyoimiliki ikaingia kwenye usimamizi wa wafilisi.

Mzanzibari hahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa bara; samaki wanaoza, maji hayapandi kwa kuwa pampu zimelala, jenereta zinanguruma Darajani tangu asubuhi. Thamani ya kebo ya kisiwa haimo kwenye tofauti ya bei ya saa hii na saa ijayo. Imo kwenye giza lisilotokea, na giza lisilotokea halina mtu wa kumtumia bili. Kebo mpya ya megawati 100 iliyofika Fumba mwaka 2013 ilijengwa kwa msaada wa Wamarekani kupitia mfuko wa MCC. Sidhani kama mfanyabiashara angeijenga kwa ukubwa ule.

*Ushindani.* Mwenye laini anashika mlango, kwa hiyo sheria imzuie kubana njia kusudi, na imkataze kumiliki mitambo upande anaouuzia.

Inafaa mipaka kati ya masoko mawili yenye bei za wazi, kebo inayopimika umeme wake kwa usahihi, hasa ya mkondo mnyoofu (DC), na mnunuzi mkuu mwenye mkataba.

Njia ya nne: serikali ipange, zabuni ijenge (Brazil)

*Uamuzi.* Ofisi ya mipango, EPE, iliyoundwa mwaka 2004, inachora laini. Mdhibiti, ANEEL, anazinadi. Mnada wa aina hii ulianza huko mwaka 1999. Anayeomba mapato madogo zaidi ya kila mwaka ndiye anayepewa mkataba wa miaka 30.

*Malipo na hasara.* Zimegawanywa kwa akili. Mshindi analipwa kwa laini kuwa tayari, si kwa umeme uliopita, na akizimika bila sababu anakatwa. Laini tupu ni hasara ya watumiaji wa gridi, waliopangiwa na serikali yao. Gharama ikipanda wakati wa ujenzi, ni ya mjenzi. Ukirudi kwa ile mistari iliyonyooka ya Texas, hapa mzunguko wa mkuza ungekuwa tatizo la aliyetoa bei.

*Muda.* Unategemea mshindi ni nani, na hapa ndipo penye kidonda. Kampuni ya Kihispania, Abengoa, ilishinda minada mingi ya Brazil kwa bei za chini. Mwishoni mwa 2015 ilikwama kifedha kwao, na maelfu ya kilomita za laini zikasimama katikati ya pori, zikiwemo zilizotarajiwa kusafirisha umeme wa bwawa la Belo Monte. Msomaji aliyekumbuka Isolux na Loiyangalani amekumbuka sawasawa. Bei ya chini kuliko zote si punguzo kama aliyeitoa hafiki mwisho wa kazi.

*Ukubwa.* Mkubwa, kwa kuwa mpangaji anatazama mbali: laini mbili za kilovolti 800 kutoka Belo Monte, kila moja zaidi ya kilomita 2,000, zilianza kazi 2017 na 2019.

*Ushindani* ni mzuri kwa pande zote mbili, wauzaji wa umeme na wajenzi wa laini. Peru na India zinatumia utaratibu wa jamii hii pia.

Wakenya wana sababu ya kuangalia njia hii kwa makini. Mkataba wa laini kati ya KETRACO na Adani uliotiwa saini Oktoba 2024 na kufutwa na Rais Ruto Novemba 21 mwaka uleule ulitokana na pendekezo la mwekezaji mwenyewe, si mnada. Miaka 30, sekta binafsi, ujenzi wa kampuni: kwa mbali vinafanana na vya Brazil. Kilichokosekana ni washindani watatu wanne kuandika bei zao kwenye bahasha ya siku moja, na bila hicho mwananchi hana namna ya kujua kama bei ni halali.

Kulingana na hali yako

Kama upepo, mvuke wa ardhini au jua lako liko mahali pamoja mbali na miji, na una chombo kimoja kinachosimamia gridi yote, anza na kanda za Texas lakini jenga kwa mnada wa Brazil. Dai dhamana ya fedha kutoka kwa wazalishaji kabla ya kuchora mnara wa kwanza, na usiweke saini ya kulipia mtambo tarehe inayotangulia laini.

Kama mahitaji ni ya kuongeza uhakika tu, mji usizimike laini moja ikianguka, au kisiwa kina kebo moja, usisubiri kura wala mfanyabiashara. Hiyo ni kazi ya mamlaka, na walipe wote.

Kama mnaotaka laini ni migodi au viwanda vichache, msitake mteja wa nyumbani awachangie. Kaeni mgawane kwa kadiri ya manufaa kama Waargentina, ila acheni nafasi, na bei inayojulikana, kwa atakayejiunga baadaye.

Kama mfanyabiashara amekuja na kebo ya mpakani, muulize mambo mawili: mnunuzi wako mkuu ni nani, na uko tayari tuandike kwamba hutaomba kugeuzwa laini ya kudhibitiwa kwa miaka kumi? Atakayekataa la pili amekueleza hasara anaikusudia kwa nani.

Kama mdhibiti wako ni mchanga na wakaguzi ni wachache, mnada ni mgumu lakini hesabu ya manufaa ya Argentina ni ngumu zaidi. Anza na laini moja au mbili za zabuni, kagua hesabu za mshindi na za kampuni mama yake, na weka dhamana ya ujenzi inayotosha kumlipa mwingine amalizie.

Na kama laini inavuka nchi, hakuna stempu ya pamoja. Laini ya mkondo mnyoofu kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, inaweza kubeba megawati 2,000; Kenya ilipoanza kununua Novemba 2022 ilianza na 200. Huenda ukubwa huo ni busara ya kesho, kwani laini ya pili ingegharimu zaidi. Lakini anayelipia nafasi iliyobaki mpaka ijae lazima aandikwe mapema, nchi kwa nchi.

Mteja wa kawaida, ukifungua ujumbe wa tokeni, unaona bei ya yuniti na fungu la tozo nyingine. Laini kubwa huioni, imo ndani ya bei ya yuniti. Mdhibiti akiitisha kikao cha maoni kabla ya kupandisha bei, iwe EPRA ya Kenya au EWURA ya Tanzania, nenda, na omba ukurasa mmoja tu: orodha ya laini mpya, na kiasi ambacho kila moja italipwa mwaka ambao haitapitisha umeme wowote.